Sawa Arobaini na Moja

Mtu aliyekuwa mahabusu kwa siku ya tatu aliulizwa swali lile lile kwa mara ya sita, naye akalijibu vile vile.

"Niliandika mimi. Juzi sikukana, na leo sikani."

Sajini aliandika jibu hilo, akapiga mstari chini yake. Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza iliyowekewa boksi lililokunjwa chini ya mguu mfupi, viti viwili, na dirisha linalotazama ukuta. Mwanamume aliyeketi mbele yake alikuwa muuguzi wa zahanati, umri wa miaka thelathini na ushei, mikono misafi, kucha zimekatwa hadi nyamani. Kwenye kompyuta alijiita Siafu. Askari wa zamu walipoliona jina hilo kwenye simu yake siku ya kwanza, wakaacha kabisa kutumia lile la kwenye kitambulisho.

Kesi yenyewe ilienea ukurasa mmoja. Siku kumi na moja zilizopita, binti wa miaka mitatu, mtoto wa fundi wa kuchomelea vyuma, alilazwa kwenye zahanati nyingine, si ya Siafu, na kutundikiwa dripu. Mizani ilisema kilo kumi na mbili na nusu. Muuguzi wa zamu, aliyekuwa peke yake na wagonjwa ishirini na tisa, aliingiza uzito huo kwenye kompyuta kama alivyofundishwa shuleni: kumi na mbili, koma, tano. Programu ya kukokotoa dozi ikaitupa koma, ikasoma mia moja ishirini na tano. Pampu ya dripu haina macho, iliambiwa, ikatii. Mtoto hakufika jioni.

Programu hiyo ilichukuliwa bure kutoka kwenye mradi wa programu huria, ule ambao watu wa kila mahali huchangia vifurushi vya programu ili wengine wavitumie bila malipo. Aliyekichangia kifurushi hicho alikuwa Siafu.

"Ulijua kwamba koma ingeleta balaa?"

"Sikujua. Nilishuku."

"Kushuku na kujua, hakimu atavitenganisha vipi?"

"Atasoma nilichoandika." Siafu aliinua uso. "Afande, hivi hapa kuna mtu amekisoma kile kifurushi?"

Sajini alikuwa nacho. Kilikuwa ndani ya faili, karatasi tisa. Wenzake walimcheka alipokichapisha.

"Juu kabisa," Siafu akasema, "kabla ya mstari wa kwanza wa programu, kuna maelezo kwa wakaguzi. Yasome hayo tu."

Sajini akafungua faili. Maelezo yalikuwa pale pale aliposema.

*Kwa wakaguzi. Mimi ni muuguzi, si mtaalamu wa programu. Mstari wa 88 ndio unaosoma uzito wa mgonjwa. Nimeupima kwa nukta tu. Sijui utafanya nini mtu akiandika koma. Naomba mwenye ujuzi aupime. Tafadhali msisaini kabla ya kuupima.*

Aliyasoma mara mbili, kisha akageuza karatasi nyuma kuona kama kuna kingine. Hakukuwa na kitu.

"Nani alisaini?"

"Wawili. Bila saini mbili kifurushi hakitoki. Mmoja ni Mratibu wa jumuiya. Mwingine Babu Mstari."

"Huyo ndiye nani?"

"Kila anayeandika programu anamjua. Mzee huyo anaweza kukurudishia kazi kwa sababu ya nafasi moja iliyozidi. Watu wanamtukana, lakini kila mtu anataka saini yake." Siafu alikunja vidole juu ya meza. "Kwa hiyo alipopitisha changu nilijua mstari uko salama. Nilimwambia hata mama yangu."

Mkuu wa upelelezi alikuwa akisubiri kwenye korido na funguo za gari mkononi.

"Amekiri?"

"Amekiri kuandika. Tena aliomba akaguliwe, kwa maandishi."

"Alichoomba ni chake. Mtoto amezikwa, baba yake anakaa kwenye lile benchi kila siku, na mimi nina mtu aliyekiri. Unataka nini tena?"

"Siku mbili."

"Moja," Mkuu akasema, akaondoka.

*

Mratibu alikuwa na ofisi kwenye ghorofa ya tano ya kampuni ambayo haikuhusiana na mradi. Kampuni ndiyo iliyomlipa mshahara. Kazi ya jumuiya aliifanya kwenye pembe ya meza hiyo hiyo, kwenye kompyuta ya pili. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi, maneno yake nayo yamepigwa pasi.

"Uelewe jambo moja kwanza, dada. Sisi si kampuni. Hatuna mwajiri, hatuna mwajiriwa. Ni watu tunajitolea."

"Nieleze kama unamweleza mtu asiyejua kitu. Mtu ana kifurushi chake. Anafanya nini?"

"Kifurushi ni kipande cha programu kinachofanya kazi moja. Hiki kinapanga tarehe, kile kinapunguza picha. Mwenye shida na kazi hiyo haanzi upya, anachukua cha mwenzake. Basi mwenye nacho anakileta kwenye foleni. Awe profesa, awe mwanafunzi, hatumuulizi mtu katoka wapi."

"Halafu?"

"Wakaguzi wawili wanakisoma. Kila mkaguzi ana ufunguo wake wa siri, na akiridhika anautumia kusaini. Saini zikitimia mbili, kifurushi kinaingia ghalani, na dunia nzima inaweza kukichukua."

"Wakaguzi mko wangapi?"

"Watano."

"Na foleni leo ina vifurushi vingapi?"

Mratibu aligeukia skrini. "Elfu moja mia mbili na sita."

Sajini aliandika namba hiyo. "Cha Siafu kilikaa muda gani?"

"Miezi mitano. Tulikitoa ghalani siku ile ile tuliposikia."

"Na zahanati zilizokwisha kukichukua?"

"Kilichochukuliwa kimechukuliwa. Hatuweki orodha ya wanaochukua."

"Uliposaini, ulikisoma?"

Mratibu alizungusha kikombe chake cha kahawa hadi mshikio wake ukawa upande wa pili. "Babu alikuwa ameshasaini."

"Nimeuliza kama ulikisoma."

"Dada yangu, Babu Mstari akishasaini, unasoma cha nini? Huyo ni mtu anayehesabu mabano. Mimi kusoma nyuma yake ni kumvunjia heshima."

"Na maelezo ya juu?"

"Watu wanaandika mengi pale juu. Salamu, shukrani, nani kamfundisha. Ukiyasoma yote hulali."

"Babu Mstari anaishi wapi?"

"Sijui."

"Jina lake?"

"Babu Mstari. Ndivyo tunavyomjua wote."

"Mmefanya kazi pamoja miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

Sajini aliacha kalamu ikapumzika juu ya daftari. Mratibu akaendelea, sauti ikishuka kidogo. "Mambo ya nyumbani hatuongei. Ni kazi tu. Ila mwaka wa tano tuliwatumia wakaguzi wote fulana za shukrani. Anwani itakuwa kwenye kumbukumbu za posta."

"Nitafutie. Na unichapishie kila alichoandika tangu mwaka juzi."

"Si uangalie hapa kwenye skrini?"

"Skrini siwezi kuipigia kalamu."

Mashine iliishiwa karatasi mara mbili. Sajini alishuka na bunda lake hadi mapokezi, akakaa kwenye kochi la wageni, akaanza kusoma toka mwanzo. Babu Mstari alikuwa mtu wa maneno makali na marefu. *Mstari wa 14, nafasi mbili, inatosha moja. Mstari wa 31, unagawanya kwa namba ambayo siku moja itakuwa sifuri, na siku hiyo wewe hutakuwepo kueleza. Rudi nayo. Nimesoma mpaka mwisho.* Kwa mwanafunzi mmoja aliandika kurasa tatu, akimfundisha tangu mwanzo jinsi ya kupanga orodha, bila kumsifu hata mara moja, na bila kumwacha. Kifurushi kimoja kilimchukua siku mbili, wakati mwingine nne. Na kila mara, awe amekubali au amekataa, alimalizia kwa maneno yale yale: *Nimesoma mpaka mwisho.*

Hali ilikuwa hivyo hadi tarehe tatu ya mwezi wa tatu. Baada ya hapo, siku nane za kimya.

Tarehe kumi na mbili aliandika neno moja: *Sawa.*

Siku hiyo hiyo, tena: *Sawa.* Kesho yake mara tano. Kuna saa moja ambayo mzee wa siku mbili kwa kifurushi kimoja alipitisha vifurushi tisa. Sajini aliweka alama ya kalamu kwenye kila Sawa. Zilikuwa arobaini na moja. Cha Siafu kilikuwa cha kumi na saba, tarehe kumi na tisa.

Alipiga simu zahanati ya Siafu, akasomewa daftari la zamu la tarehe hiyo, kisha akampigia Mkuu pale pale kwenye kochi.

"Ufunguo wa huyo mkaguzi umetumiwa na mtu mwingine."

"Umeona? Siafu kauiba, kajisainia. Kesi umeimaliza mwenyewe."

"Cha Siafu ni cha kumi na saba. Kabla yake wamesainiwa watu kumi na sita, kila mmoja mbali na mwenzake. Kuna kalenda, kuna programu ya kupanga mechi, kuna ya kusoma maandishi ya zamani. Mwizi gani anavunja nyumba halafu anawagawia majirani kumi na sita kabla ya kuchukua chake?"

"Anaficha nyayo."

"Na baada yake vipo vingine ishirini na vinne. Halafu tarehe kumi na tisa, saa ile saini inawekwa, Siafu alikuwa chumba cha kujifungulia. Nimesomewa daftari la zamu la zahanati yake. Mtoto alizaliwa mikononi mwake dakika ile ile."

"Basi ni nani?" Mkuu akauliza.

"Ni mtu asiyetaka kitu," Sajini akasema. "Ndiyo maana sijamwelewa bado."

*

Anwani ya fulana ilimpeleka kwenye jengo la ghorofa tatu lenye ngazi za nje. Mlango wa chini ulikuwa wazi. Ndani, mwanamke wa miaka sitini na kitu alikuwa akishona shati la shule kwenye cherehani, sare nyingine zimepangwa kwenye kochi kwa saizi.

"Hodi hapa."

"Karibu, mwanangu, pita. Kama umefuata sare bado, njoo keshokutwa."

"Sikufuata sare, mama. Namtafuta mzee. Yule anayekagua programu kwenye kompyuta."

Cherehani ilisimama.

"Umechelewa," mwanamke akasema.

Hakulia, wala hakuinuka haraka. Alikata uzi kwanza, ndipo akaenda kabatini kuleta cheti. Mzee alifariki tarehe sita ya mwezi wa tatu. Sajini aliinakili tarehe, akarudisha cheti kwa mikono miwili.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa."

"Kuna mtu alitumia kompyuta yake tarehe kumi na tisa."

"Mimi."

"Na tarehe kumi na mbili?"

"Zote ni mimi. Kaa, mwanangu, mbona umesimama kama mdai?"

Sajini alisogeza sare, akakaa pembeni ya kochi. Mjane alirudi kwenye kiti chake cha cherehani. Aliongea akitazama kitambaa.

"Mume wangu alikuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji, miaka thelathini na mmoja. Vitabu vya shule, kalenda, matangazo ya vifo, vyote vilipita machoni mwake kabla ya kutoka. Kiwanda kilipofungwa akajifundisha haya ya kompyuta. Akaniambia, mke wangu, ni kazi ile ile, kulikamata kosa kabla halijamfikia mtu. Mwaka wa mwisho macho yakaisha. Ikawa mimi ndiye ninayemsomea."

"Unaijua lugha ya programu?"

"Hata neno. Nilimsomea alama moja moja. Mabano fungua, nukta, mabano funga. Yeye kalala pale, kafumba macho. Mara anasema, rudia huo. Narudia. Anasema, hapo kakosea, mwandikie hivi. Naandika, nabonyeza. Hata wiki ya mwisho, hawezi kumeza uji, anauliza leo wangapi."

"Na fulana waliyomtumia?"

"Ilikuwa ndogo. Haikumwingia hata kichwa." Alinyoosha ukosi wa shati kwa kidole gumba. "Sikukasirika. Watamjuaje ukubwa, na hawajamwona?"

"Baada ya kumzika ilikuwaje, mama?"

Mjane alivuta kompyuta kutoka chini ya rundo la vitambaa, akaifungua, akamgeuzia. Ujumbe ulikuwa umejipanga kutoka juu hadi chini.

*Babu, wiki ya pili hii.*

*Mzee kama umechoka wapishe wenye nguvu.*

*Unajiona mungu wa mistari. Wengine tunategemea hicho kifurushi kupata kazi.*

*Kama umekufa sema tujue, tutafute mwingine.*

"Hilo la mwisho lilikuja siku ya tano tangu tumzike," mjane akasema. "Wageni bado wamejaa hapa ndani. Simu yake nayo inapokea yote hayo, inalia kutwa. Watoto walisema izime. Nitaizima vipi, na ndugu zake wote wananipata kwa simu hiyo? Nikakaa nikaangalia, hawa watu wanataka nini kwa marehemu wangu? Nikaona wanataka neno moja tu. Nikawapa. Kila niliyempa alinyamaza."

"Kwa nini hukuwaambia kwamba amefariki?"

"Niliwaambia. Nilimwandikia mkubwa wao."

Alimwonyesha. Tarehe kumi, saa nne asubuhi: *Shikamoo au habari, sijui umri wako. Mimi ni mke wa Babu Mstari. Mzee amepumzika. Nawashukuru kwa ushirikiano wenu wa miaka yote.*

Jibu la Mratibu lilifika baada ya dakika mbili: *Apumzike vizuri mama. Akiamka mwambie foleni imefika mia tisa.*

Sajini alipiga picha ya ujumbe, akaipiga tena, karibu zaidi. Kisha akatoa kwenye faili ile karatasi ya kwanza ya kifurushi cha Siafu, akaiweka juu ya cherehani. Mjane alivaa miwani. Alisoma maelezo polepole, midomo ikitembea.

"Hiki nami nilikisaini?"

"Ndiyo, mama."

"Kimefanya nini?"

Sajini alimweleza, bila kuongeza na bila kupunguza: mizani, koma, pampu.

Mjane alitoa mguu kwenye kanyagio. "Wa miaka mingapi?"

"Mitatu."

Aliweka kidole kwenye namba 88. Nje mtu alipita ngazini na ndoo, akasalimia.

"Hiki asingefika mbali nacho," mjane akasema hatimaye. "Angeniambia nirudie wa themanini na nane. Angemrudishia siku hiyo hiyo, na kumtukana juu." Akaivua miwani. "Utanipeleka?"

"Lazima nichukue maelezo yako kituoni."

"Basi nisubiri nimalizie mkono huu. Mtoto wa watu anaanza shule Jumatatu."

Sajini alisubiri. Mshono ulikwenda sawa hadi mwisho.

*

Mratibu alikuja kituoni mwenyewe, saa nane mchana, na koti. Sajini alimwekea picha ya ujumbe mbele.

"Nilidhani amepumzika," Mratibu akasema.

"Amepumzika."

"Namaanisha, nilidhani amelala. Mzee, umri ule."

"Mke wa mtu anakuandikia mzee amepumzika, anakushukuru kwa miaka yote. Wewe unaelewa yuko kitandani, anakoroma."

"Nilikuwa na ujumbe mia mbili siku ile. Napitia juu juu."

"Siku mbili baadaye anaamka, anaandika Sawa arobaini na moja. Mtu mliyemfahamu miaka kumi na miwili. Hukushangaa?"

"Nilifurahi," Mratibu akasema, na kwa mara ya kwanza maneno yake yalitoka bila pasi. "Foleni ilikuwa inasogea. Nilisema hatimaye mzee amejua kufanya kazi na watu. Nilisaini vyote nyuma yake. Vyote."

"Saini yako ni halali?"

"Halali kabisa. Ufunguo wangu, mkono wangu." Akavuta pumzi. Ilikuwa wazi kwamba hilo alikuwa ameshaliuliza mahali. "Mwanasheria wangu anasema kutosoma si kosa la jinai."

"Vile arobaini vingine bado vimo ghalani?"

"Haviwezi kutolewa. Kuna maelfu ya programu zimejengwa juu yake. Ukivitoa leo, kesho kuna mabenki hayafungui."

"Basi visomwe upya."

"Na nani?" Mratibu akauliza. Hakuwa anafanya mzaha. Alisubiri kweli kama Sajini ana mtu.

"Jumuiya mmeiambia kwamba mzee amefariki?"

"Tutatangaza. Tunatafuta maneno yanayofaa."

Mkuu alisoma maelezo yote akiwa amesimama, akayafunga.

"Kazi nzuri. Mjane amesaini kwa jina la marehemu, mara arobaini na moja, na amekiri. Hiyo ni kughushi, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuipeleka mahakamani. Mwachie muuguzi, abaki shahidi."

"Na huyu aliyesaini kwa jina lake bila kusoma?"

"Shahidi pia."

"Mkuu, huyu ndiye aliyekuwa na kazi ya kusoma."

"Kifungu gani?"

Sajini hakuwa nacho. Alikitafuta tangu saa sita, kitabu kilikuwa mezani pake kimefunguliwa kifudifudi.

"Umeona," Mkuu akasema, bila ubaya. "Mfungulie yule, umwingize yule."

Baba wa mtoto alisimama kwenye benchi alipomwona Sajini anatoka. Alikuwa na alama ndogo za kuungua mikononi, za cheche za miaka mingi.

"Nasikia mmempata, dada."

"Kuna mtu tumemshikilia."

"Ni daktari?"

"Ni mshonaji. Mjane."

Fundi alilipima neno hilo. "Alikuwa na nini na mwanangu?"

"Hakumjua."

"Hakumjua," fundi akarudia. Alikaa tena. "Mimi nilitaka mtu aliyemjua hata kidogo."

Kaunta ya kituo ilikuwa moja, kwa hiyo aliyekuwa akitoka na aliyekuwa akiingia walisimama bega kwa bega. Siafu alikuwa akihesabu vitu vyake: simu, mkanda, kompyuta. Mjane alikuwa akivua saa ya mkononi. Askari wa zamu akamuuliza kazi, akasema mshonaji. Akamuuliza jina la mume, akalisema, na askari, aliyelifuata faili kwa kidole, akaongeza kwa sauti, "Ndiye huyu Babu Mstari, marehemu tangu tarehe sita ya mwezi wa tatu."

Siafu aligeuka. Alimtazama mama yule, akamtazama Sajini, na Sajini akatikisa kichwa kukubali. Siafu akaelewa hapo hapo. Tarehe ya saini ya kifurushi chake alikuwa nayo kichwani, kumi na tisa. Mkono wake ulibaki juu ya mkanda.

"Mama," akasema. "Pole kwa msiba."

"Ahsante, baba."

"Mzee alinifundisha mengi. Alinitukana mara nane."

"Basi alikupenda," mjane akasema. "Asiyempenda hakumpa hata tusi." Kisha akamwambia, "Ile karatasi yako nimeisoma leo. Ingekuwa imesomwa siku ile, wote tungekuwa majumbani." Askari akamfungulia mlango wa ndani, naye akapita.

Katika jumuiya yote ile, Siafu ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpa pole.

Alikaa kwenye benchi, mwisho wa pili kutoka kwa fundi, wasijuane. Alimuuliza Sajini ni vifurushi vingapi vilivyopita hivyo, akawasha simu, akaandika kwa dakika chache, akamwonyesha kabla ya kutuma.

*Babu Mstari alifariki tarehe 6 mwezi wa tatu. Vifurushi arobaini na kimoja vilipita kwa saini yake bila kusomwa na mtu yeyote. Kimojawapo ni changu, na kimeua mtoto. Walio na nakala yake wasiitumie. Vile arobaini nitavisoma mimi, kimoja kimoja, mpaka mwisho, hata ikinichukua mwaka. Mwenye nafasi aniunge mkono.*

"Nitume?"

"Maneno ni yako," Sajini akasema.

Alituma. Sajini alirudi kaunta kuweka sahihi kwenye fomu ya kuachiwa, nakala tatu, akagonga mhuri. Aliporudi na nakala ya Siafu, mwenyewe alikuwa ameishika simu vile vile, lakini maandishi yake hayakuwepo tena. Mahali pake palikuwa na tangazo fupi: *Mwanachama Siafu ameondolewa kwa kuvuruga imani ya jumuiya. Imeidhinishwa na wakaguzi wawili.*

"Kumwondoa mtu nako kunahitaji saini mbili?" Sajini akauliza.

"Ndiyo. Ya kwanza ya Mratibu."

"Na ya pili?"

"Mkaguzi mwingine. Foleni yake haijasogea tangu mwaka jana."

Sajini alimkabidhi fomu. "Imewachukua muda gani?"

Siafu alitazama saa zilizoandikwa kando ya saini, ya juu na ya chini, akatoa hesabu.

"Dakika nne," akasema.